Kwa Nini Hakutuma Salamu Tu

Wainjilisti wenzangu vijana, mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, na mimi nimekubali haraka kuliko mlivyotegemea. Tangu nistaafu, asubuhi naamka, naoga, navaa koti, nafika mlangoni, ndipo nakumbuka sina pa kwenda. Mke wangu ananitazama tu. "Baba Neema, kaa chini unywe uji. Leo hakuna aliyekufa wala anayebatizwa."

Habari za vyeo sitawaandikia. Mwinjilisti hana cheo cha kupandishwa. Akipanda sana anapewa baiskeli. Nitawaandikia habari za watu, hasa za mtu mmoja wa Issuna aliyeniuliza swali ambalo mpaka leo naliona kuwa ndilo swali lenyewe la kazi yetu.

Lakini nianze mwanzo. Nilianzia nyumbani, Kinampanda, zile enzi watu walizoita za ruksa. Ninyi mlizaliwa mkakuta duka lina sabuni. Sisi tulitoka kwenye foleni. Mtu akisikia sukari imefika duka la ushirika, aliweza kumwacha mgonjwa kitandani na mgonjwa mwenyewe akamwambia wahi. Halafu ghafla ikawa ruksa. Zikaja nguo za mitumba, redio kaseti, viatu vya plastiki vya kila rangi na dawa za kulainisha nywele. Mwezi mmoja tu na kwaya yetu ilikuwa inanukia mpaka nje ya kanisa.

Mimi nikiwa nimetoka chuo cha uinjilisti, kijana, mwembamba, mwenye hasira za kitakatifu, nikaona hapa ndipo pa kuanzia. Siku ya mahubiri yangu ya kwanza nilihubiri dhambi. Nilizitaja zote. Nilianza na zile za kale, uzinzi na wizi na ushirikina, nikateremka mpaka jinzi, muziki wa kaseti na vichwa vya kina mama vilivyotiwa dawa. Watoto walilala. Mzee mmoja wa kanisa alitoka, akaenda kumnywesha ndama maji, akarudi, akanikuta nikiwa bado kwenye dhambi ya ulevi.

Mlezi wangu wa kazi alikuwa Mwinjilisti Lazaro Gunda, mtu mzima, mfupi, mwenye sauti ya chini sana hivi kwamba ili umsikie ilibidi umsogelee, na nadhani alifanya hivyo makusudi. Baada ya ibada alinikuta nje karibu na rimu ya lori iliyokuwa kengele yetu.

"Umehubiri," akasema.

"Asante, Mwalimu."

"Hata dhambi ambazo nilikuwa sizijui, sasa nazijua. Na yule aliyekuja kuzishinda, ulimwacha wapi?"

"Nilitaka kumfikia mwishoni, Mwalimu, lakini muda ukaniishia."

"Shetani amepata muda wa kutosha lakini," akasema, akaanza kutembea. Nikamfuata. "Tena, Elia, usiwaambie watu kwamba dhambi ilikuja na lori la mitumba. Mimi nimepanga foleni ya sukari. Niliiona dhambi kwa macho yangu, ilikuwa imesimama mbele yangu, na ilikuwa imejipenyeza."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alisema mwinjilisti ana vifaa vitatu: baiskeli, chaki na masikio, na kwamba viwili vya kwanza vinaweza kuharibika bila kazi kusimama. Alisema pia kwamba mtu akikuuliza swali la imani usikimbilie kulijibu, kwanza mwangalie anaumwa wapi. Nilimwitikia kwa heshima na sikumwelewa.

Baadaye nilihamishiwa Singida Mjini. Kuhusu mjini nitasema jambo moja tu, la koti. Jirani yetu Mzee Athumani, Mwislamu safi na mfanyabiashara wa mitumba sokoni, aliona nahubiri na shati lililochanika kwapa, akanionea huruma. Akanifungulia balo la nguo, akanichagulia koti jeupe, kitambaa kizito, vifungo vyote vipo. "Mwalimu, hili ni la heshima. Huko lilikotoka lazima lilivaliwa na daktari." Kifuani lilikuwa na picha ndogo ya kuku, imeshonwa kwa uzi mwekundu, na maneno ya kigeni chini yake. Nilihubiri nalo mwaka mzima ndipo mgeni mmoja aliyejua lugha akaniambia kwa upole kwamba ni sare ya wakaanga kuku. Wala sikuliacha. Huu ni mkoa wa kuku. Watu walidhani ni nembo ya dayosisi.

Basi, na koti hilo nikapelekwa kijijini Issuna.

Nilifika wakati wa kiangazi, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Mimi ni Mnyiramba, wale ni Wanyaturu, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotuokoa sote. Wiki ya kwanza nilifundishwa kula mlenda, ile mboga ya kuteleza, bila kuchafua kifua, jambo ambalo chuoni halikuwemo. Wiki ya pili nikafungua darasa la ubatizo la watu wazima, kila Jumatano alasiri. Na katika benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti na shuka begani, alikaa Mzee Hango.

Mzee Hango alikuwa mfugaji, mnene, mwenye shingo kama ya fahali na sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Mkewe, Mama Eliwaza, alikuwa Mkristo wa siku nyingi, na nilidhani mzee amekuja kumfurahisha. Nilidhani vibaya. Alikuja na swali lake, na kila Jumatano alilitoa kama mtu anayetoa ugoro.

"Mwalimu, shida yangu ni ileile. Mungu ni mkubwa. Ana malaika. Anaweza kusema kitu na kikawa. Sasa kama alitaka kutusamehe dhambi, kwa nini hakutuma salamu tu? Angesema tu kutoka huko juu, 'Ninyi watu, yamekwisha.' Kuja mwenyewe, azaliwe, asikie njaa, apigwe, auawe, kwa nini? Mkubwa gani anasumbuka hivyo?"

Nilimjibu jinsi nilivyofundishwa chuoni. Nilimwambia kwamba dhambi si uchafu wa kupangusa, ni nguvu inayomshika mtu. Nikamwambia kwamba Mungu ni wa haki, na kwamba Kristo alichukua mahali petu. Nilichora msalaba ubaoni, upande huu mwanadamu, upande ule Mungu, katikati shimo. Mzee Hango alitazama ubao kwa makini sana.

"Umechora vizuri," akasema. "Lakini hata penye shimo unaweza kupiga kelele ukasikika ng'ambo."

Darasa likacheka. Nikafuta ubao.

Kijiji kilijua jambo ambalo mimi sikulijua, nikaja kuambiwa na Mama Eliwaza siku nilipokwenda kwao kusalimia. Mzee Hango alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, Mwiru, ambaye boma lake lilikuwa ng'ambo ya korongo. Zamani kulikuwa na njia ya ng'ombe kati ya mashamba yao kwenda kwenye maji. Soko lilipofunguliwa na wafanyabiashara wakaanza kuja na malori yao kufuata alizeti, Mwiru akaona njia ni ardhi iliyolala. Akailima, akapanda alizeti. Ng'ombe wa Hango hawakuambiwa. Walipita walikozoea, na mbele yao fahali aitwaye Meja, mweupe, ambaye Hango alimlea kwa mkono tangu mama yake alipokufa. Mwiru alitoka na panga. Labda alitaka kumtisha tu, lakini panga lilimkata Meja mshipa wa mguu wa nyuma. Fahali hakusimama tena. Ilibidi achinjwe palepale kwenye alizeti, na aliyemchinja ni Hango mwenyewe.

"Tangu siku hiyo hawajatazamana," alisema Mama Eliwaza. "Mwiru akimwona kaka yake sokoni anageuza njia. Watoto wao hawachezi pamoja. Mama yao amefariki katikati ya ugomvi huu, na msibani walikaa kila mmoja kona yake kama wageni."

"Na Mzee ana hasira bado?"

"Hasira zimepungua. Sasa ana huzuni, ila hataki tujue."

Jumatano iliyofuata Mzee Hango alitoa tena swali lake. Na safari hii nikamkumbuka Mwalimu Lazaro.

"Mzee Hango," nikasema, "wewe kama unataka kumsamehe mtu, unafanyaje?"

"Mimi? Nasema yamekwisha. Ng'ombe wanaendelea kula."

"Basi mtumie salamu Mwiru. Mwambie yamekwisha."

Mzee Hango akainuka, akaweka shuka lake sawa, akatoka. Nilisikia fimbo yake ikigonga mawe mpaka ikapotea. Mama mmoja wa nyuma akasema taratibu, "Mwalimu, umeweka kidole kwenye kidonda," na mimi nikarudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba nimempoteza mwanafunzi wangu bora, na labda na darasa pia.

Kumbe mzee alikwenda kutuma salamu. Alimtuma mkewe kwanza. Mwiru akamjibu shemeji yake kwa adabu kwamba amesikia, wala hakutoka ndani. Akamtuma balozi wa nyumba kumi. Mwiru akamwambia balozi, "Kama yamekwisha, mbona anatuma serikali?" Akawatuma wazee wawili wa ukoo. Mwiru akawapa pombe, wakanywa, wakarudi wamesahau walichotumwa. Kila salamu iliyokwenda ilimtia Mwiru hofu zaidi. Alianza kulala na panga. Mkewe aliwaambia watu kisimani kwamba mumewe anasema, "Kaka yangu ananiita kwa sauti nzuri ili nitoke nje."

Hatimaye, asubuhi moja, Mzee Hango akatokea mlangoni kwangu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Chukua koti lako la kuku, Mwalimu. Tunakwenda kwa Mwiru."

"Tunakwenda kusema nini?"

"Nimeshasema yote. Sasa nakwenda tu."

Nilijaribu kumpakia kwenye baiskeli. Sitaeleza zaidi, ila tairi la nyuma lilikataa imani hiyo mapema, tukaisukuma njia yote.

Nyumba ya Mwiru ilikuwa tembe, paa bapa la udongo juu ya miti, na siku hiyo alikuwa juu ya paa akianika vichwa vya alizeti. Alituona tukivuka korongo. Kitu alichofanya kwanza ni kuvuta ngazi juu.

Mzee Hango akasimama chini, akitweta. Akatupa fimbo. Akavua shuka, akaligeuza huku na huku kuonyesha hakuna kitu ndani, akabaki na kaptula yake ya zamani, tumbo wazi, mbele ya wake na watoto na kuku wote wa boma lile. Kwa mzee wa Kinyaturu mwenye ng'ombe, hilo si jambo dogo. Watoto walianza kucheka, mama yao akawafinya.

"Mwiru! Nimekuja!"

"Nimekuona! Rudi!"

"Yamekwisha, mdogo wangu!"

"Maneno ya mtu aliye chini hayo! Nikishuka utayabadilisha!"

Na akarusha kichwa cha alizeti. Kilimkosa kaka yake, kikanipata mimi, palepale kwenye kuku. Kikafuata kingine. Kisha likaja boga bichi, na hapo nikajificha nyuma ya kihenge cha nafaka, bila aibu, maana mimi nilikuwa mgeni katika ugomvi huo.

"Umemuua Meja!" Mzee Hango alinguruma ghafla, na nikajua sasa yameharibika. "Nililia, Mwiru! Nililia kama mtoto! Unadhani nimesahau? Sikusahau! Nimekuja na huku nakumbuka!"

Juu ya paa hakikurushwa kitu tena.

Mzee Hango akaanza kupanda. Hakuna ngazi, basi akapandia lundo la kuni, kutoka kwenye kuni akashika ncha ya mti wa paa, akajivuta. Nilimshika miguu, nikamsukuma kwa bega. Mke wa Mwiru akapiga kelele, "Shemeji, paa hilo halikubebi!" Naye akajibu, "Najua!" Tumbo lake likalala kwenye ukingo, miguu ikaning'inia hewani, na hapo akakwama. Hawezi kwenda mbele, hawezi kurudi. Akanyoosha mkono mmoja.

Mwiru alikuwa amesimama upande wa pili na panga lake. Aliutazama ule mkono. Mimi chini nilikuwa naomba, na maombi yenyewe hayakuwa na maneno mazuri. Kisha nikaona Mwiru analiweka panga chini juu ya alizeti, anatambaa kwa magoti, anamshika kaka yake mkono kwa mikono miwili, na anavuta.

Ndipo paa likabomoka.

Liliporomoka lote upande ule, udongo, miti, alizeti na ndugu wawili, ndani ya chumba cha ndama. Vumbi lilipanda likatufunika. Ndama walitoka mbio wakinipita. Nilipoingia, Mzee Hango alikuwa chali chini kabisa, na Mwiru juu ya kifua chake. Mwiru hakuwa amechubuka hata kidole. Alimwangukia kaka yake. Mguu wa Mzee Hango ulikuwa umepinda mahali ambapo miguu haipindi.

"Kaka! Kaka, umekufa?"

"Bado," akasema Mzee Hango. "Shuka kifuani kwanza, halafu tuangalie."

Na Mwiru hakushuka. Alimkumbatia palepale, akalia kwa sauti, na kaka yake akawa anampigapiga mgongoni kwa mkono wenye udongo, akisema, "Haya, haya, basi." Walikuwa wekundu wote wawili kwa vumbi. Nilitoka nje. Kuna mambo mwinjilisti hana kazi ndani yake.

Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe, Mwiru akiwaongoza ng'ombe kwa miguu, anakwepa kila jiwe kana kwamba anabeba mayai. Mimi nilikaa nyuma nimeshikilia mguu. Njiani Mzee Hango alikuwa amefumba macho, nikadhani amezimia. Akafungua macho.

"Mwalimu, lile swali langu."

"Ndiyo, Mzee."

"Lifute. Ukiwa mbali, 'nimekusamehe' na 'nakuja kukupiga' vinasikika sawasawa. Mwenye kosa hawezi kuvitofautisha. Mpaka mtu aje, amwone."

"Ndivyo, Mzee."

"Na tena kuna jambo hukunifundisha. Aliyekosewa ndiye anayevunjika mguu." Gurudumu likaruka kwenye mzizi, akauma meno. "Hilo ungelisema mapema."

Nilimwambia nilikuwa nimelichora ubaoni. Akasema nilichora msalaba mzuri mno, ulikuwa umenyooka.

Sasa, wenzangu, msije mkaandika kwamba siku ile Mwiru aligeuka malaika. Hakugeuka. Aliendelea kupenda pombe, na kwenye kupima mipaka ya shamba jicho lake liliendelea kuegemea upande wake. Lakini yale yaliyomshika, ile hofu, kulala na panga na kugeuza njia sokoni, yalimwacha. Kaka yake alipokuwa hospitali, Mwiru alichunga makundi yote mawili. Na siku moja, bila kuambiwa na mtu, alichukua jembe akang'oa alizeti yote kwenye ile njia ya kwenda majini, iliyochelewa kupandwa, ikiwa bado mbichi, mwezi mmoja kabla ya kuvunwa. Balozi alimuuliza kama amerukwa na akili. Alisema, "Hapa ni njia."

Mzee Hango alirudi akichechemea, na hakuacha kuchechemea tena maishani. Alimaliza darasa. Siku ya ubatizo Mchungaji alikuja kutoka usharikani na pikipiki, kanisa likajaa mpaka madirishani. Mchungaji akamuuliza kama anamkataa shetani na kazi zake zote.

"Namkataa," akajibu kwa ile sauti ya bondeni. "Na Mwiru naye anamkataa, nimemuuliza asubuhi."

Watu wakacheka, Mchungaji akakohoa, akaendelea. Alipokwisha kummiminia maji, tukaona mtu anakuja mbele kutoka nyuma kabisa, amevaa shati safi, miguu ina vumbi la malisho. Ni Mwiru. Akapiga magoti kando ya kaka yake, akainamisha kichwa, akasubiri.

Mchungaji akanitazama mimi. "Huyu amesoma darasa?"

"Hapana, Mchungaji."

Akainama, akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, karibu sana. Lakini kuna mafundisho kwanza. Darasa ni Jumatano."

Mwiru akainua uso, amehuzunika. "Jumatano nachunga, Mchungaji. Tangu mguu wa kaka, ng'ombe wote ninao mimi."

"Jumatano nitachunga mimi," akasema Mzee Hango, maji bado yakimchuruzika shingoni.

Basi Jumatano ile nilimwona akivuka mbele ya kanisa nyuma ya ng'ombe, anachechemea, anapiga mluzi, na Mwiru akaingia darasani, akakaa benchi la mbele kama aliyezaliwa hapo. Sikuwa nimeshika hata chaki, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi naomba kujua kitu kimoja. Huyo Mungu alipowafuata wale watu wa kwanza, baada ya kukosa, wao walikimbilia wapi?"

Nikamwambia habari za mtu na mkewe waliosikia Mungu anatembea bustanini wakati wa jua kupungua, wakaenda kujificha katikati ya miti.

Mwiru alitikisa kichwa polepole, akageuka akawatazama wenzake wote darasani.

"Basi hao," akasema, "ni ukoo wetu."